Siku mbili Amani: mwongozo wa mtu wa Tanga kuufuata mto Zigi hadi msituni

Nimekulia Tanga mjini, na kwa miaka mingi nilioga, nikapika na kufua kwa maji ya mto Zigi bila kuwahi kuuona mto wenyewe. Bomba likikatika tulilalamika. Likirudi baada ya mvua kubwa na maji ya rangi ya chai ya maziwa, tuliyaacha yatuame kwenye ndoo, tukaendelea na shughuli. Sikuwahi kujiuliza yale matope yametoka wapi.

Yametoka milimani. Maji tunayokunywa Tanga hukusanywa kwenye bwawa la Mabayani, na kabla ya kufika hapo yamepita mashambani na vijijini wilayani Muheza. Ukizidi kupanda nayo unafika Usambara Mashariki, kwenye Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani. Mwongozo huu ni wa kuyafuata maji hayo kinyumenyume kwa siku mbili na usiku mmoja. Mwenye gari anaweza kwenda na kurudi siku hiyohiyo, lakini simshauri. Mambo mazuri ya Amani huonekana usiku na alfajiri, na wa siku moja huyakosa yote mawili.

Ujue kwanza unakwenda kuona nini

Amani si mbuga. Hakuna simba wala tembo, na anayetaka kukaa garini na kupiga picha atarudi amenuna. Huu ni msitu wa mvua wa milimani, na ndiyo hifadhi ya kwanza nchini kutangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia, mwaka 1997. Ina hekta 8,380 hivi na inasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, yaani TFS.

Umuhimu wake hautokani na ukubwa. Usambara ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, safu inayoanzia Taita nchini Kenya hadi Udzungwa. Milima hii hupata unyevu kutoka Bahari ya Hindi, kwa hiyo misitu yake iliendelea kuishi hata nyakati ambazo nchi za chini zilikauka. Kila mlima ukabaki kama kisiwa, na viumbe waliobaki juu yake wakabadilika taratibu hadi wakawa aina zao wenyewe. Ndiyo maana kuna wanyama na mimea ya Amani ambayo ukiikosa hapo hutaipata popote, au utaipata sehemu moja au mbili tu duniani. Na ndiyo maana kipande cha msitu kikikatwa hapa hasara yake si sawa na kukata pori la kawaida.

Chagua miezi

Nenda Juni hadi Septemba, au Januari na Februari. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, msitu unapendeza kupita kiasi lakini barabara ya kupanda inateleza vibaya. Niliwahi kwenda Aprili kwa bodaboda kutoka Muheza. Tulianguka mara mbili kwenye kona ileile, na mara ya pili nilifika chini kabla ya pikipiki. Kama una siku za masika tu, nenda na gari lenye nguvu na dereva anayeijua njia. Mvua za vuli haziogopeshi sana, ila jiandae kulowa. Juu kule inaweza kunyesha mwezi wowote, na ukungu hauna msimu.

Vya kubeba

Viatu vilivyofungwa vyenye meno chini, siyo raba laini za mjini. Wenyeji wengi hutembea na gambuti na wana sababu. Soksi ndefu, uingize suruali ndani yake, kwa ajili ya siafu na kupe. Shati la mikono mirefu. Sweta, na usicheke: Amani makao makuu iko takriban mita 900 juu ya bahari, na mtu aliyezoea joto la Ngamiani, Tanga mjini, hutetemeka usiku. Tochi yenye mwanga mkali, ikiwezekana ya kuvaa kichwani ili mikono ibaki huru. Darubini kama unaweza kuazima. Dawa ya mbu, maana Zigi, kwenye geti la hifadhi, iko chini na Muheza inajulikana kwa malaria tangu zamani. Fedha taslimu kidogo, kwa sababu mtandao wa simu hupotea na wakala hayuko kila mahali.

Ongeza chupa tatu za plastiki za nusu lita, angavu, zilizotolewa karatasi. Ya kwanza ijaze maji ya bomba la nyumbani kwako asubuhi ya kuondoka, uandike juu yake kwa kalamu ya wino mzito "nyumbani" na tarehe. Mbili beba tupu. Nitaeleza kazi yake mbele.

Tanga, Muheza, Zigi

Wiki moja kabla, piga simu au fika ofisi ya TFS uulizie nafasi za kulala na viingilio. Malipo hufanywa kwa namba ya malipo ya serikali, ile tunayoiita kontrol namba, na Mtanzania hulipa kidogo kuliko mgeni, kwa hiyo usisahau kitambulisho. Kufika getini bila kulipia wala kuarifu si kosa, lakini utapoteza saa nzima ukitafuta mtandao.

Kutoka stendi ya Kange panda kosta au basi lolote linalopita Muheza. Ni safari fupi, chini ya saa moja kama halijajaza abiria njiani. Ondoka asubuhi mapema. Muheza nunua machungwa; ni nchi yake, na ukishapanda mlimani utayakumbuka. Mabasi ya Amani huondoka Muheza mchana na kurudi alfajiri siku inayofuata, na hayangoji mtu. Ukishuka tu, nenda moja kwa moja kwa makondakta wa Amani, uliza lipi linaondoka leo na saa ngapi, na uache mzigo kwenye kiti kabla ya kwenda kula. Wakati mmoja niliamini neno la kijana mmoja stendi kwamba "bado sana". Nikala wali taratibu, nikatoka nikaliona basi mgongo.

Barabara inakatiza mashamba ya Wabondei, minazi na michungwa na mihogo, halafu milima inaanza kukusogelea upande wa mbele. Mwambie kondakta akushushe Zigi, kwenye geti. Usipande juu siku hiyohiyo. Kituo cha taarifa cha hifadhi kiko hapo, ndani ya nyumba ya zamani ya mkuu wa stesheni. Wajerumani walijenga reli ndogo kutoka Tengeni kufuata magogo ya msituni, na mwisho wake ulikuwa Zigi. Reli imeondoka, nyumba imebaki.

Jiandikishe, onyesha malipo yako, kisha omba mwongozaji. Hili usilifanyie ubahili. Bila mwongozaji utaona miti. Ukiwa naye utaona msitu, na sehemu ya fedha yake inabaki kwenye vijiji jirani. Mwambie mapema unachotaka: maua, ndege, vinyonga au historia. Wengine ni wataalamu wa ndege kuliko maprofesa, na ukikaa kimya hawatakwambia.

Mchana wa kwanza: mtoni, na ua

Tembea njia ya Zigi, ya chini, ambayo haichoshi. Mto uko karibu na utausikia kabla ya kuuona. Mwombe mwongozaji akupeleke kwenye mawe yenye kivuli ambako maua ya Usambara huota. Kitaalamu yamejulikana kwa muda mrefu kama Saintpaulia. Mwaka 1892 mkuu wa wilaya wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, aliyakuta katika nchi hii ya Tanga akayapeleka kwao, na mwaka uliofuata mtaalamu Hermann Wendland akayapa jina la familia hiyo. Leo yanakaa kwenye madirisha ya nyumba nyingi sana Ulaya na Marekani, ndani ya vikopo. Mengi ya wajukuu hao yametokana na mashina machache yaliyotoka kwetu. Nyumbani kwao, kwenye mwamba, yako hatarini.

Piga magoti. Ukisimama hutaona kitu zaidi ya kijani. Majani yanalala yakiwa yamezunguka kama sahani, mazito kidogo, na yana vinyweleo vyeupe vifupi ambavyo vinashika matone ya ukungu bila kuyaacha yagusane na jani. Mzizi umeshika nafasi isiyozidi unene wa kidole, udongo kiganja kimoja. Ua lenyewe ni la zambarau, na katikati kuna vifuko viwili vya njano vya chavua. Mzee aliyeniongoza mara ya kwanza alinyoosha kidole, siyo kwenye ua, bali juu kwenye matawi. "Ule mti ukianguka," aliniambia, "hili linakufa wiki hii hii. Jua litalikausha." Nilitazama juu, nikalitazama jani, nikaelewa kitu ambacho semina za mazingira hazikuwahi kunielewesha.

Usichume hata jani. Jani moja la Saintpaulia linaweza kuota likawa mmea mzima, na ndiyo sababu wachumaji wanalitamani. Ukitaka la kwako, tafuta la kitaluni.

Kabla ya kurudi, mwombe mwongozaji ruhusa ya kujaza chupa ya pili mtoni. Andika "Zigi", tarehe, na kama ilinyesha siku hiyo au la.

Usiku

Kula mapema na uagize chakula mchana, maana jikoni hupika kwa waliotoa taarifa. Saa mbili usiku toka na mwongozaji na tochi.

Vinyonga ni rahisi kuwaona usiku kuliko mchana. Mchana hujificha kwa rangi. Usiku hulala kwenye ncha za vijiti, ambako nyoka akipanda kijiti kitatikisika na kuwaamsha, na ngozi yao hupauka. Ukimulika kutoka pembeni utaona kitu cheupecheupe kimejikunja mkia kama ganda la konokono. Mulika sekunde chache, angalia, ondoa mwanga. Wapo wenye pembe mbili puani, na wapo wadogo wanaofanana na jani kavu, wasiozidi urefu wa kidole, wanaolala karibu na ardhi. Hao wa chini ndio sababu ya kutoacha njia: unaweza kumkanyaga bila kujua.

Sikiliza pia vyura. Usambara kuna chura mdogo, kitaalamu Nectophrynoides tornieri, ambaye hatagi mayai majini kama vyura tunaowajua. Anazaa watoto waliokwisha kuwa vyura, wadogo kama punje ya mchele. Hahitaji dimbwi, anahitaji majani yenye unyevu chini ya miti. Ardhi ikikauka, hana pa kukimbilia.

Mchana wake, barabarani, unaweza kukutana na watoto wanaokuletea kinyonga kwenye kijiti ili umpige picha na kuwapa hela. Wasalimie, zungumza nao, lakini usitoe fedha. Ukitoa leo, kesho watashikwa vinyonga kumi. Wanunulie daftari badala yake, au ndizi zao.

Alfajiri ya pili: juu

Amka saa kumi na moja. Panda na gari au bodaboda hadi Amani makao makuu; kwa miguu inawezekana lakini ni nusu siku ya kupanda. Ukifika, nenda moja kwa moja kwenye ukingo wa msitu, usimame. Dakika kumi za mwanzo usiongee.

Hondohondo utawasikia kwanza, mabawa yao yana kishindo kama mtu anayekung'uta mkeka. Mbega hukaa juu kabisa, weusi na manyoya meupe mabegani. Anayejua ndege atataka kumwona chozi wa Amani na bundi mkubwa wa Usambara, ila yupo mmoja ninayemheshimu kuliko wote: kindege cha kijivu chenye mdomo mrefu, kinachoishi kwenye misongamano ya mimea inayotambaa. Kitaalamu anaitwa Artisornis moreaui, kwa kumbukumbu ya mtaalamu wa ndege Reginald Moreau aliyefanya kazi Amani kuanzia 1928. Duniani anajulikana sehemu mbili tu, hapa na mlima mmoja wa Msumbiji. Ukimsikia bila kumwona, umebahatika vya kutosha.

Asubuhi ikipanda, geukia bustani ya mimea. Wajerumani waliianzisha pamoja na taasisi ya utafiti mwaka 1902, wakaleta miti kutoka kila bara kuona ipi itafaa. Wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, meli zilipozuiwa, dawa ya kwinini ilitengenezwa hapa kwa magome ya miti yao wenyewe. Tembea polepole, soma vibao, nusa majani ya mdalasini na ya mkarafuu.

Halafu mwombe mwongozaji akuonyeshe Maesopsis eminii. Ni mti mrefu, mnyoofu, mzuri kwa macho. Hapo ndipo mwongozo huu unahitaji uvumilivu wako, kwa sababu hadithi ya mti huo ndiyo hadithi ya msitu mzima. Uliletwa kutoka magharibi mwa Afrika Mashariki, ukapandwa. Ungekaa bustanini, kusingekuwa na neno. Lakini miaka ya 1970 na 1980 ulifanyika uvunaji mkubwa wa mbao Usambara Mashariki, msitu ukatobolewa matundu ya jua. Maesopsis hupenda jua. Hondohondo hupenda matunda yake, wakazibeba mbegu hadi kwenye kila tundu. Leo unaukuta ndani kabisa ya msitu, na chini yake udongo na miche si ile iliyokuwapo. Hakuna aliyekusudia ubaya. Waliupanda kwa nia njema, na ndege wakafanya wanachofanya siku zote. Kwa hiyo ukialikwa kupanda miti karibu na Amani, uliza mche ni wa nini kabla ya kushika jembe. Omba msambu, mti wa hapahapa ambao mbegu zake hutoa mafuta na wanakijiji huziuza, au mvule. Mche unaokua haraka usiujue asili yake uache kitaluni.

Ukiwa na nguvu, panda kilima cha Mbomole. Si mbali na makao makuu. Ukungu ukiondoka utaona chai upande mmoja na msitu upande wa pili, na mpaka kati yao umekatwa kama kwa rula. Simama kidogo hapo.

Kuzungumza na watu

Msitu huu una watu pembeni yake, Washambaa na Wabondei na wengi waliokuja kufanya kazi kwenye chai. Usipite vijijini kama unapita makumbusho. Shikamoo kwa wazee, kaa, kunywa chai ya pale. Ukitaka viungo, nunua iliki, pilipili mtama na mdalasini kwa mkulima mwenyewe, na umuulize kwa upole iliki yake imelimwa wapi. Iliki hupenda kivuli, kwa hiyo zamani ililimwa ndani ya msitu: miti mikubwa inaachwa, yote ya chini inafyekwa. Kwa mbali msitu unaonekana upo, lakini hauna watoto. Miti mizee ikifa hakuna ya kushika nafasi. Mkulima anayelima iliki yake kwenye shamba lake chini ya migomba au mikarafuu anastahili bei nzuri, na wewe ndiye mwenye kumpa.

Usiulize habari za dhahabu kwa ushabiki. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watu walivamia vyanzo vya Zigi wakachimba mashimo kwenye mito, na jeraha lile halijasahaulika. Ukikuta shimo jipya au kinu cha kuosha mchanga, usipige kelele wala picha za wazi. Kumbuka mahali, mwambie mwongozaji, na yeye anajua pa kupeleka.

Kabla ya kushuka, jaza chupa ya tatu kwenye kijito kilicho ndani ya msitu, juu. Andika "msituni".

Chupa tatu

Ukifika nyumbani ziweke mezani kwa mstari, zisitikiswe, hadi kesho yake. Maji hayo si ya kunywa, hata yale ya msituni.

Asubuhi tazama chini ya kila chupa kwenye mwanga wa dirisha. Ya msituni, mara nyingi, utaona vijichembe vichache vyeusi vya majani yaliyooza na maji angavu. Ya Zigi itakuwa na tabaka la udongo, jembamba kama ukucha siku za kiangazi, nene zaidi kama ilinyesha. Tofauti ya hizo mbili imetokea njiani: kwenye miteremko iliyolimwa hadi kingoni mwa maji, kwenye kingo zilizochimbwa. Ya bomba kwa kawaida itakuwa safi, kwa sababu Tanga Uwasa, mamlaka ya maji, wameshaisafisha, na kila milimita ya tope uliyoiona kwenye chupa ya kati ni dawa, umeme na fedha zilizotumika kuitoa. Mamlaka hiyo imelielewa jambo hili. Mwaka 2024 ilitoa hatifungani ya kijani, yaani mkopo kutoka kwa wawekezaji kwa ajili ya miradi ya mazingira, ya shilingi bilioni 53.12, na kutunza vyanzo ni sehemu ya mipango yake.

Rudia safari masika yakiisha, chupa zilezile, mahali palepale, ulinganishe. Mimi nina mistari mitatu ya chupa kwenye rafu ya jikoni. Mama watoto alitaka kuzitupa, sasa wageni wakija yeye ndiye anayewaonyesha, na anaanzia ile iliyoandikwa "msituni".